Msomaji wa Sehemu ya Tatu: Namna ya Kupata Wasomaji wa Hadithi Yako Mtandaoni

Umeandika hadithi na umeibandika usiku. Asubuhi unafungua simu: watu 11 wameiona, wawili wameweka alama ya kupenda, na wote wawili ni ndugu zako. Unaanza kujiuliza kama unajua kuandika.

Usijihukumu haraka. Pengine hadithi ni nzuri na mlango wake ndio mbovu. Pengine mlango ni mzuri, ila umeufungua kwenye kichochoro kisichopitiwa na mtu. Haya hurekebishika, na mwongozo huu unakuonyesha namna. Jambo moja tu likukae kichwani kuanzia sasa: anayefungua sehemu ya kwanza ni mpita njia. Msomaji wako ni yule anayerudi kwa sehemu ya tatu, na kila hatua iliyomo humu ni ya kumtafuta huyo.

Kwanza, elewa anavyosoma

Hadithi ya mfululizo si kitu kigeni kwetu. Waliokuwa wakinunua magazeti ya Global Publishers wanakumbuka simulizi za Eric Shigongo zilivyokatwa mahali pabaya, ukasubiri toleo lijalo ukiwa na dukuduku. Lakini msomaji yule alikuwa ameshatoa pesa yake. Gazeti liko mkononi, atalisoma. Msomaji wa simu hajatoa kitu kwa ajili yako zaidi ya bando. Yumo kwenye daladala au amelala chali kitandani, na kidole gumba chake kinaweza kumtoa kwako kabla aya ya pili haijaisha.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wachanga hulisahau. Msomaji huyu ameshaumizwa. Ameshafuata simulizi hadi sehemu ya 17, mhusika amefungiwa chumbani na muuaji, kisha mwandishi akapotea moja kwa moja. Kwa hiyo anapokutana na jina asilolijua huwa anajiuliza, kabla ya yote, kama huyu naye atamwacha njiani. Ndiyo sababu wasomaji wengi hupitia kwanza simulizi zenye alama ya "imekamilika". Jina bado huna. Unachoweza kumpa ni uhakika.

Hatua ya 1: Weka akiba kabla ya kubandika

Usibandike sehemu ya kwanza siku uliyoiandika. Andika kwanza sehemu 8 na uzihariri. Ukibandika mara mbili kwa wiki, akiba hiyo ni ya mwezi mzima. Ukiugua, ukipata msiba, umeme ukikatika au kazi ikikubana, hadithi itaendelea kutoka huku wewe unaandika ya 9 na ya 10.

Wakati huohuo andika mwisho, hata kama ni ukurasa mmoja wa rasimu. Nimewahi kuanza simulizi bila kujua inakoelekea. Nilifika sehemu ya 12, nikakwama, na watu 40 hivi waliokuwa wakiniuliza "inayofuata lini?" wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Niliporudi baada ya miezi mitatu walikuwa wameshaondoka. Walikuwa wasomaji wangu, nami ndiye niliyewafukuza.

Hatua ya 2: Chagua uwanja mmoja

Kosa kubwa la hatua hii ni kubandika kila mahali siku moja. Nguvu yako ya kujibu maoni ni ya uwanja mmoja, au miwili ukizidisha. Angalia kila mmoja ulivyo.

*Wattpad.* Ilianzishwa mwaka 2006, makao yake ni Toronto, Kanada. Imejengwa kwa ajili ya simulizi za mfululizo: kila sehemu ina hesabu yake ya usomaji, msomaji hupiga kura, huweka hadithi kwenye maktaba yake na kupata taarifa ukiongeza sehemu. Anaweza kuacha maoni pembeni ya aya moja, na hilo ni hazina, kwa sababu unaona kabisa ni wapi alicheka na wapi alichanganyikiwa. Ubaya wake kwetu ni kwamba wasomaji wa Kiswahili humo ni wachache, hivyo lazima uwalete kutoka kwingine.

*Facebook.* Wasomaji wa simulizi za Kiswahili wamejaa huko, hasa kwenye makundi ya hadithi na kurasa za waandishi. Ubaya ni kwamba chapisho huzama haraka, na aliyeingia kwenye sehemu ya 9 hajui ya 1 iko wapi usipomwonyesha.

*WhatsApp.* Kundi lina kikomo cha watu 1,024, na kila mwanakundi anaweza kuona namba za wenzake. Kwa wasomaji wa kike hasa hilo ni tatizo halisi, maana husumbuliwa na wageni. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2023, huficha namba za wafuasi, kwa hiyo ni salama zaidi. Status hufutika baada ya saa 24. Itumie kutangazia hadithi, wala usiihifadhie humo.

*Telegram.* Chaneli yake haina kikomo cha wafuasi, na anayejiunga leo anaweza kurudi nyuma hadi sehemu ya kwanza. Kwa simulizi ndefu ni ghala zuri.

*Archive of Our Own.* Huu ni uwanja wa hadithi zinazotumia wahusika wa vitabu, filamu na tamthilia za wengine. Unaendeshwa na shirika lisilo la faida, na biashara hairuhusiwi humo. Uende kama hizo ndizo unazoandika.

Ushauri wangu kwa anayeandika Kiswahili na hajulikani: hadithi nzima ikae mahali pamoja panapohifadhi sehemu zote kwa mpangilio, yaani Wattpad au chaneli ya Telegram. Kisha tumia Facebook au status ya WhatsApp kuwaita watu. Wengi hawapendi kubofya kiungo kinachowatoa walipo, kwa hiyo sehemu mbili za kwanza zibandike nzima hapohapo Facebook. Kuanzia ya tatu, waelekeze nyumbani kwako.

Na nenda walipo watu. Mmarekani Anna Todd alipoanza kubandika *After* kwenye Wattpad mwaka 2013, aliiandika kama hadithi ya mashabiki wa bendi ya One Direction. Vijana walioipenda bendi ile walikuwa wameshajazana humo, naye akawafuata walipo. Mwaka uliofuata hadithi ikawa kitabu cha kuchapwa, na mwaka 2019 ikawa filamu. Wewe nawe jiulize wanaopenda kitu unachoandika wanakutana wapi. Simulizi ya upelelezi haitapata watu kwenye kundi la mashairi ya mapenzi.

Hatua ya 3: Tengeneza mlango

Mlango una vitu vinne.

1. Jina. Fupi, lisomeke kwenye kioo kidogo, na lisifanane na simulizi nyingine kumi. Litafute kwanza mtandaoni. Majina kama "Machozi ya Mapenzi" yamekwisha kutumika sana, na hata anayekutafuta atampata mwingine.

2. Jalada. Wattpad hupendekeza picha ya pikseli 512 kwa 800. Iwe na picha moja, jina kwa herufi kubwa, na jina lako. Kisha ipunguze hadi ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kama jina halisomeki, anza upya. Usichukue picha ya mtu kutoka kwenye ukurasa wake ukaifanya jalada. Ni kumkosea, na huweza kukufikisha pabaya.

3. Maelezo mafupi. Hapa ndipo hadithi nyingi nzuri hufia, basi tukae kidogo.

> Namna isiyofaa: "Hii ni simulizi kali ya mapenzi, usaliti na kisasi. Itakutoa machozi. Usikose!"
>
> Namna inayofaa: "Mwajuma anauza samaki Feri. Kila Ijumaa mteja yuleyule hununua changu watatu, hulipa kwa noti mpya, na humwachia mmoja. Ijumaa hii Mwajuma amempasua samaki aliyeachiwa. Tumboni mna pete ya ndoa ya dada yake, aliyezama Nungwi miaka 6 iliyopita."

Ya kwanza inajisifu, na sifa hizo zingeweza kubandikwa kwenye simulizi yoyote. Ya pili ina mtu, mahali, mazoea, na siku ambayo mazoea yamevunjika. Haisemi popote kwamba inasisimua. Andika yako kwa mpango huo: nani, wapi, huwa anafanya nini, na leo kumetokea nini. Isizidi mistari mitano.

4. Tagi. Popote panapoulizwa lugha, weka lugha unayoandikia. Kwenye tagi andika "kiswahili" na pia "swahili", kwa kuwa watafutaji hutumia yote mawili. Ongeza "simulizi", "hadithi", "riwaya", aina yake (upelelezi, mapenzi, kutisha) na mahali inapotokea. Usiweke tagi ya mapenzi kwenye simulizi isiyo na mapenzi kwa sababu tu inatafutwa sana. Atakayedanganyika ataondoka aya ya tatu, na hatarudi.

Hatua ya 4: Watafute 10 wa kwanza kwa mkono

Wasomaji 10 wa kwanza hawaji wenyewe. Unawafuata, na njia ya kuwafuata ni kuwa msomaji. Fanya hivi kwa wiki mbili kabla ya kubandika:

1. Chagua waandishi 5 wanaoandika aina yako na ambao bado wanabandika.
2. Soma kweli. Acha maoni yanayoonyesha umesoma: "Pale Zawadi alipoficha funguo kwenye gunia la mchele nilijua mama mkwe ameona." Maoni kama "kazi nzuri" hayamjulishi mtu kuwa wewe ni nani.
3. Wajibu wasomaji wenzako kwenye maoni. Hao ndio watakaokuja kwako, maana wameshaona kwamba unajali hadithi.
4. Usiweke kiungo cha hadithi yako chini ya kazi ya mwenzako. Ni sawa na kwenda kwenye harusi ya mtu kutangaza harusi yako.
5. Kwenye makundi, soma kanuni na umwombe admini ruhusa kabla ya kubandika chochote.
6. Siku ukibandika, waandikie mmoja mmoja wale mliozoeana. Waombe wasome sehemu tatu tu, kisha wakuambie walichoka wapi.

Jihadhari: utakutana na watu wa "nifuate nikufuate" na "nipigie kura nikupigie". Utapata namba, ila msomaji hutapata hata mmoja, na namba hizo zitakuficha ukweli utakapofika hatua ya 6.

Hatua ya 5: Weka miadi na uitimize

Chagua siku na saa. Kwa mfano, kila Jumanne na Ijumaa saa mbili usiku. Kumbuka kwamba msomaji wa Kiswahili hayuko Dar au Mombasa peke yake: saa mbili usiku ya kwetu ni saa tatu Muscat, na ni saa moja jioni Bujumbura na Lubumbashi. Wote hao ni watu waliokwisha kurudi nyumbani. Ukibandika saa sita usiku, umewapata walio macho tu.

Urefu wa maneno 1,000 hadi 1,500 kwa sehemu unatosha. Aya ziwe fupi, maana aya ya mistari minane kwenye daftari huwa ukuta mzima kwenye simu. Bandika maandishi, usibandike PDF. Faili huhitaji kupakuliwa, na simu ndogo zina shida nazo.

Kila sehemu iwe na vitu hivi: namba yake juu kabisa, mistari miwili ya "ilipoishia", kiungo cha sehemu ya kwanza, na chini, siku ya sehemu ijayo. Neno "Itaendelea" bila tarehe halitoshi.

Kuhusu kukata sehemu penye taharuki: kata swali lilipo hai, lakini kila sehemu imjibu msomaji jambo moja kabla ya kumfungulia jingine. Ukimnyima jibu mara tatu mfululizo atahisi anachezewa. Na usimtishe kwa mlango unaogongwa, kisha sehemu inayofuata ikawa ni jirani anaomba chumvi.

Ukimaliza simulizi, fikiria kumrudisha mhusika. Wasomaji waliwafuata wapelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa kutoka kitabu hadi kitabu. Mtu anaweza kusahau jina lako akakumbuka la mpelelezi wako, na hilo litamleta tena mlangoni kwako.

Hatua ya 6: Soma namba kama fundi

Tuchukulie hadithi yako ina usomaji hivi:

| Sehemu | Usomaji |
|---|---|
| 1 | 300 |
| 2 | 120 |
| 3 | 110 |
| 4 | 104 |
| 5 | 40 |

Wattpad itakuonyesha jumla ya 674. Hao si watu 674, kwa sababu hesabu hiyo hujumlisha kila sehemu iliyofunguliwa. Wasomaji wako hapa ni 110 hivi, wale waliofika ya tatu. Furahi. Darasa la watu 110 ni kubwa.

Sasa angalia maporomoko. Kutoka 300 hadi 120 kusikutie hofu. Hao walikuwa wapita njia. Kama sehemu ya 2 ingekuwa 15, ningekuambia uandike upya sehemu ya kwanza, au maelezo yako kama yanaahidi kitu ambacho hadithi haitoi. Kutoka 120 hadi 104 ni kushuka kwa kawaida kabisa. Tatizo liko kati ya 4 na 5. Jiulize: ulichelewa kubandika? Sehemu ya 4 iliishia pasipo na swali? Ulimwacha mhusika wanayempenda ukaanza kusimulia maisha ya shangazi yake tangu utoto? Mara nyingi jibu ni mojawapo ya haya matatu. Rekebisha sehemu ya 4, siyo ya 5. Aliyeacha hakuiona ya 5.

Kwenye Facebook na WhatsApp huna jedwali hili, basi hesabu wanaouliza. Watu 6 wanaoandika "tunasubiri" kila wiki wana uzito kuliko alama 200 za kupenda. Waandike majina yao kwenye daftari. Wajibu wote, kwa majina, ndani ya siku moja.

> KISANDUKU: Linda kazi yako
>
> • Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Kwa Tanzania Bara, inasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi yake ni COSOTA. Kwa Kenya, ofisi ni KECOBO. Kusajili kunakupa ushahidi.
>
> • Hifadhi mswada nje ya mtandao huo: kwenye barua pepe yako na kwenye kadi ya kumbukumbu. Akaunti inaweza kufungwa bila taarifa.
>
> • Weka jina lako ndani ya maandishi, juu na chini. Wezi hunakili maandishi bila jalada.
>
> • Ukiibiwa, piga picha za skrini zenye tarehe kwanza. Kisha mwandikie admini, na baada ya hapo tumia fomu ya kuripoti ya mtandao husika. Usianze kwa matusi. Mwizi atafuta, na ushahidi utakwenda naye.
>
> • Ukitaka kupeleka mswada kwenye tuzo, soma masharti kabla ya kubandika. Mashindano mengi hutaka kazi ambayo haijawahi kuchapishwa, na kubandika mtandaoni huweza kuhesabiwa kuwa kuchapisha.

Pesa, na mitego yake

Wapo wanaobandika nusu ya simulizi bure, kisha huandika: "lipia 1,000 upate yote". Kulipwa ni haki yako. Kazi ni kazi. Lakini sema siku ya kwanza kabisa kwamba sehemu 10 ni za bure na zinazobaki zinauzwa kwa bei fulani. Kumgeukia msomaji kwenye sehemu ya 19 baada ya kumwahidi bure ni kuvunja ahadi, na atawaambia wenzake. Mimi ningeshauri simulizi ya kwanza uitoe bure hadi mwisho. Iuze ya pili.

Akikujia mtu anayesema atakuchapishia ukimtumia ada ya kuanzia, usitume. Programu ya simulizi ikikupa mkataba, soma mambo manne: unawapa haki kwa miaka mingapi, kwa lugha zipi, haki ya filamu iko kwa nani, na unatokaje. Kama huelewi, mpelekee anayeelewa sheria kabla ya kuweka sahihi.

Kuhusu chombezo, yaani simulizi za ngono: najua zinavuta watu haraka. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania inakataza kuchapisha maudhui ya ngono mtandaoni, mitandao yenyewe hufunga akaunti, na humo kwenye makundi mna watoto. Wasomaji utakaowapata kwa njia hiyo hawatakufuata ukiandika kitu kingine.

Orodha ya kukagua kabla ya kubandika sehemu ya kwanza

☐ Sehemu 8 zimeandikwa na kuhaririwa, na mwisho unaujua
☐ Mtu mmoja asiye ndugu yako amesoma sehemu tatu
☐ Jina limetafutwa mtandaoni na halijatumika
☐ Jalada linasomeka likiwa dogo
☐ Maelezo yana mtu, mahali na tukio, bila kujisifu
☐ Tagi zina "kiswahili" na "swahili"
☐ Siku na saa za kubandika zimetangazwa
☐ Nakala iko mahali pengine salama
☐ Umeacha maoni ya kweli kwa waandishi 5

Kama kisanduku cha mwisho bado kitupu, anza nacho leo usiku. Yupo mwandishi mwenzako aliyebandika sehemu ya tatu jana na hajapata neno hata moja. Isome yote, kisha mwandikie ulipoguswa.